Masalio ya Chokaa

Jumatatu na Alhamisi navushwa Chapwani na boti ya serikali,
mimi, ndoo mbili, brashi ya katani,
na Ussi Kibabu, ambaye kazi yake ni kufyeka
lakini zaidi hulala.

Kisiwa kina popo wengi kuliko wafu.
Wananing'inia mitini kama nguo zilizosahauliwa kambani,
na paa wadogo hupita katikati ya misalaba
wakila maua ambayo hakuna aliyeyapanda.

Hawa ni mabaharia.
Meli yao ilipigwa asubuhi moja, papo hapo bandarini,
mashine imefunguliwa kwa matengenezo, chai haijapoa.
Kiingereza sikijui, ila tarakimu nazijua:
kumi na tisa, ishirini na mbili, kumi na nane.
Yule wa kumi na nane ndiye ninayemalizia.
Namsugua ukoga polepole, kwenye herufi natumia mswaki,
na kila masika ukoga unamrudia
kama deni.

Mkaguzi alituambia chokaa isizidi, isipungue,
kila jiwe sawa na jingine.
Ndoo ya pili hubaki robo.
Ussi husema, mwaga baharini.
Mimi naifunika kwa jani la mgomba
narudi nayo Vikokotoni.

Bibi yangu, Bihindi binti Mcha, hakuipenda.
"Chokaa ya maiti," alisema, "unaniletea jikoni?"
Lakini moshi ulikuwa umeula ukuta,
na chokaa ni chokaa.
Nikapaka. Akanyamaza.
Samaki wakakaangwa mbele ya weupe wa makaburini
wala hawakuharibika.

Baba yake alikuwa mpagazi.
Waliandikishwa kwa foleni, kamba shingoni, kibati chenye namba,
wakavushwa bara kubeba maboksi ya risasi
na magunia ya mchele ambao hawakupewa.
Bihindi alikuwa tumboni, mwezi wa saba.
Kilichorudi ni kibati. Alikileta mtu wa Bumbwini
aliyekataa kukaa, akakataa hata maji.
Elfu nne mia moja na sita. Upande wa pili, patupu.

Watu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Neno hili nimelipima kwa ndoo zangu.
Wale wa Chapwani kila mmoja ana jiwe lake,
na mimi, kitukuu cha namba, ndiye ninayeliosha.
Ussi aliwahi kuniuliza kama sioni uchungu.
Nilimwambia anisogezee ndoo.
Yule wa kumi na nane hakuipanga foleni ile.
Lakini pia siwezi kusema sioni kitu.

Mwaka jana, wiki ya kuamkia Ramadhani,
Bibi alinishika mkono hata ndoo sijaitua.
"Imebaki ngapi?"
Robo.
"Haitoshi. Alhamisi bakisha nusu."

Nilibakisha nusu. Safu ya mwisho ilipata mkono mmoja
badala ya miwili; wanisamehe, na mkaguzi asijue.

Safari hii haukuwa ukuta. Alinipeleka mlango wa uani,
kwenye kizingiti cha matumbawe kilicholika katikati,
akainama, akaonyesha kwa kidole chenye wekundu wa tambuu:
"Hapa. Mama alisema ulitangulia mguu wa kulia."
Nikauliza kama nichonge jina,
msumari ninao, na herufi nimeshazizoea.
Akatafuna kwanza.
"Aliyemo humu anamjua. Mpita njia atamsaidia nini?"

Nikapaka mkono wa kwanza, ukakauka, nikapaka wa pili.
Ubani ulikuwa wa bei rahisi, moshi mwingi kuliko harufu.
Siku tatu tulipita mlango wa mbele sote,
isipokuwa kuku mmoja, asiyeambilika,
aliyekatiza pale chokaa ingali mbichi
akaacha nyayo zake.

Nilishika brashi nizifute.
Bibi akaziangalia zilivyoelekea: ndani.
"Ziache," alisema.